Alama 98 kwenye kompyuta, lakini kwaya nakwama

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 26 na naimba sauti ya nne katika kwaya ya parokia yetu hapa Mwanza. Solfa, ule mwandiko wa do-re-mi kwa herufi, naisoma bila taabu. Shida ilianza alipokuja mwalimu mpya ambaye nyimbo zake zote zimeandikwa kwa nota za mistari. Nikanunua kompyuta ya mtumba, na huu ni mwezi wa tatu kila usiku nafanya mazoezi ya kutambua nota kwenye musictheory.net. Napata 98 kwa 100. Lakini siku ya mazoezi nikishika karatasi natumbua macho tu, nasubiri jirani yangu aanze ndipo nimdandie. Je, misingi ya nadharia ya muziki inajifunzika kweli kwa kompyuta bila mwalimu? Nibadilishe programu? Na ni lazima ninunue kinanda?

JIBU: Marahaba, kijana wangu.

Alama zako ni halali, usizitilie shaka. Tatizo ni kwamba ulichopimwa sicho unachodaiwa kwaya. Kompyuta inakuwekea nota moja, imekaa peke yake, inakuuliza jina lake. Unabofya D, inakupa tiki, mnaendelea. Kwenye karatasi ya wimbo hakuna anayekuuliza jina. Unatakiwa utoe sauti, uitoe kwa wakati wake, na kabla hujaimaliza nota nyingine imeshabisha hodi. Umekuwa kama mtu aliyekariri vituo vyote vya daladala kutoka Igoma hadi mjini, ila hajapanda daladala hata siku moja.

Kuna kosa la pili, na hili si lako. Programu karibu zote hufundisha kwa herufi: C, D, E. Herufi hizo hazina sauti kooni mwako. Ukiambiwa “so ya chini” unaiimba hata ukiwa umesinzia. Ukiambiwa “A” unabaki kimya. Kwa hiyo kila nota unayoitazama inasafiri hadi kwenye jina lake na safari inaishia hapo. Tunataka ifike kwenye do-re-mi, na kutoka hapo ishuke kooni.

Wapo watakaokwambia solfa ni ya kizamani, iache uanze upya. Usikubali. Mfumo huu wa d, r, m uliwekwa sawa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, na wamisionari waliusambaza Afrika. Wanakwaya wangeweza kuuandika kwa herufi za kawaida bila kuchora mistari. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake ndiyo ya wimbo wetu wa taifa, alikuwa akiandika nyimbo zake kwa solfa. Wewe unayeisoma unajua tayari kwamba ti inavutwa kwenda do, na kwamba kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, pana nusu sauti tu huku kwingine kote pakiwa na sauti nzima. Hiyo ndiyo skeli ya meja, sura ya kwanza ya kitabu chochote cha nadharia. Kilichobaki ni kujifunza mwandiko mwingine wa lugha unayoiongea.

Basi tuuanze mwandiko huo. Chukua karatasi ya wimbo na usitazame nota hata moja. Tazama alama zilizobanana mwanzoni mwa mistari, mara baada ya ufunguo. Kama ni shapu (♯), ile ya mwisho upande wa kulia imekaa mahali pa ti. Panda hatua moja, hapo ndipo do. Kama ni flati (♭), ile ya mwisho kulia imekaa mahali pa fa. Shuka fa, mi, re, do. Flati zikiwa mbili au zaidi kuna njia ya mkato: ya pili kutoka mwisho imekaa palepale ilipo do. Pasipo na alama yoyote, do ni C. Wimbo ukiwa wa maina, ule wenye huzuni unaotulia kwenye la badala ya do, alama husomwa vilevile. Nyumbani kwake tu ndiko kumehama.

Tufanye mfano kwa ufunguo wako wa besi. Una shapu mbili, ya kwanza kwenye mstari wa nne na ya pili kwenye nafasi ya pili (mistari na nafasi huhesabiwa kutoka chini). Ya mwisho ni hii ya nafasi ya pili, basi hapo ni ti. Panda hatua moja: mstari wa tatu, ule wa katikati. Hapo ndipo do, nayo kwa herufi ni D. Sasa ona uzuri wake. Do ikikaa kwenye mstari, mi na so zinakaa kwenye mistari miwili inayofuata juu yake. Do ikikaa kwenye nafasi, mi na so zinakaa kwenye nafasi mbili zinazofuata. Hapa mi iko mstari wa nne, so iko mstari wa tano. Na so ya chini, ile ambayo besi tunaiimba mwisho wa wimbo kabla ya kutua do, iko nafasi ya kwanza. Weka vidole kwenye hizo nne na tayari umeshika mifupa ya sauti yako. Re, fa, la na ti zinajaza tu mapengo.

Mimi mwenyewe nilijifunza kitu hiki nikiwa nimeshaimba kwa miaka, na nilikasirika kwamba hakuna aliyeniambia mapema.

Sasa rudi kwenye musictheory.net, maana ni zana nzuri na ni ya bure, ila ibadilishie kazi. Zoezi la kutambua nota lipunguze. Fungua lile la kutambua alama za mwanzoni, ingia kwenye mipangilio yake, chagua ufunguo wa besi peke yake, na anza na zile zisizozidi shapu tatu au flati tatu. Kompyuta itakuuliza jina la skeli. Wewe kabla ya kubofya, nyoosha kidole kwenye kioo mahali ilipo do, kisha imba do-mi-so-mi-do ukionyesha kila moja inapokaa. Ndipo ubofye. Sheria ni hiyo moja kwa mazoezi yote nitakayokutajia: imba kwanza, bofya baadaye. Utakuwa taratibu mno mwanzoni na alama zako zitashuka. Waache wenye haraka wakusanye tiki.

Tahadhari kidogo hapa, imewapoteza wengi. Kwetu do inahama: leo ni G, kesho ni E flati. Kwa Wafaransa, na kwa wenzetu wa Kongo na Burundi waliosomea mfumo wa Kifaransa, do ni C siku zote. Ni jina la nota kama sisi tunavyosema C. Baadhi ya programu na video za mtandaoni hutumia do hiyo isiyohama. Ukiona somo linataja do re mi na hesabu zako hazilingani kabisa, usijilaumu, chunguza kwanza ni do ya nani.

Upande wa sikio ndipo nina ugomvi na hizi programu. Zoezi la kawaida la sikio linakupigia nota mbili na kukuuliza umbali uliopo kati yake: ya tatu, ya nne, ya tano. Ni zoezi halali, na musictheory.net na teoria.com ya José Rodríguez Alvira wa Puerto Rico wanalo zuri. Lakini nota mbili zinazoelea hewani bila do hazifanani na wimbo wowote uliowahi kuuimba. Mtu anaweza kufaulu kutambua ya nne kila mara, halafu asijue kwamba so kwenda do ya juu ni hiyohiyo ya nne na do kwenda fa nayo ni ya nne, japo kooni zina ladha tofauti kabisa. Kwa mtu wa solfa nashauri programu ya simu iitwayo Functional Ear Trainer. Hiyo kwanza inakupigia kodi chache za kukuweka nyumbani (kodi za muziki, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja; TRA wa mapato hawahusiki), kisha inakupigia nota moja na kukuuliza ni ya ngapi kutoka do. Ni kitu kilekile anachofanya mwalimu wa kwaya anapokupa do kisha akakuimbisha. Anza na do, re, mi peke yake. Ukizimudu ongeza fa na so. La na ti zije mwisho.

Na tafadhali, usilifanye zoezi hili kwa spika ya kompyuta ya mtumba. Spika ndogo hazitoi vizuri sauti zilizo chini ya hetsi (mitetemo kwa sekunde) 200 hivi, na wewe ni besi: do ya chini ya wimbo ulio kwenye G iko hetsi 98. Utakachosikia ni kivuli chake. Tafuta hedifoni za waya, hata za bei ya chini.

Nasema za waya kwa sababu ya mapigo pia. Kuna mazoezi yanayokutaka ugonge kitufe cha kompyuta kufuata mdundo ulioandikwa. Hedifoni za bluutuu huchelewesha sauti, kwa kawaida kati ya sehemu ya kumi na robo ya sekunde. Inaonekana ndogo. Lakini wimbo ukienda mapigo 120 kwa dakika, pigo zima ni nusu sekunde, na robo sekunde ni nusu ya pigo. Kompyuta itakuhukumu kwamba umechelewa kumbe ulikuwa sahihi, na utaanza kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika. Nimewaona vijana wenye mdundo mzuri kabisa wakikata tamaa kwa jambo hilo.

Mapigo yenyewe usiyahofie, nayo unayajua kwa mwandiko mwingine. Nukta pacha za solfa zinatenganisha pigo na pigo, kistari kinashikilia sauti, nukta moja inakata pigo nusu kwa nusu. Wimbo wa 4/4 kwenye mistari: pigo moja ni krocheti, ile nota nyeusi yenye mkia usio na bendera. Pigo lililoshikiliwa na kistari kimoja linakuwa minimu, nyeupe yenye mkia. Pigo lililokatwa nusu ni kweva mbili zilizofungwa pamoja. Kazi itakayokusaidia kuliko zoezi lolote ni kuchukua wimbo mmoja unaoujua kwa solfa na kuunakili mapigo yake kwa krocheti na kweva, kwa kalamu, kisha kuupiga makofi. Ila nikuonye kuhusu 6/8. Programu za nje huiweka mwishoni kabisa, kama mada ya wakubwa, wakati kwetu nyimbo nyingi za kwaya zenye mahadhi ya ngoma ziko hapohapo. Hesabu mapigo makubwa mawili, kila moja lina matatu madogo tumboni. Usihesabu sita, utaimba kama unapanda ngazi na gunia mgongoni.

Sasa nije kwenye programu ambayo, kama ningelazimika kukuachia moja tu, ningekuachia hiyo: MuseScore. Haijatengenezwa kufundisha. Ni karakana ya kuandikia nota, ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji bando. Kwa kompyuta ya mtumba jaribu toleo la 3 kama la 4 litaonekana zito. Chukua wimbo wa mwalimu wenu na uunakili humo, nota kwa nota, sauti zote nne. Ndiyo, zote nne. Usiku wa kwanza utachukua saa nzima kwa mstari mmoja. Kila nota unayoiweka kompyuta inakupigia sauti yake, na ukikosea hesabu ya mapigo utaliona kosa hapohapo, maana nota hazitalingana na karatasi. Hapo mkono, jicho na sikio vinafanya kazi moja, jambo ambalo mazoezi ya kubofya hayakupi.

Ukimaliza kunakili, ndipo starehe inapoanza. Fungua meza ya sauti (Mixer), zima besi, acha sauti tatu za juu ziimbe, na wewe ujaze pengo. Punguza mwendo hadi nusu. Chagua ule ukurasa unaokutoa jasho uurudie mara kumi; kompyuta haichoki wala hainuni, tofauti na mwalimu wenu saa mbili usiku. Tena MuseScore ina mpangilio wa vichwa vya nota unaoandika majina ya solfa ndani ya nota zenyewe, na kuna wa do inayohama. Uwashe wiki ya kwanza, uzime wiki ya pili. Ukiuacha umewaka utakuwa unasoma herufi na nota huzioni tena.

Nyimbo za kunakili hazitakosekana. Tovuti ya Swahili Music Notes ina hazina kubwa ya nota za kwaya za Kikatoliki kwa Kiswahili, na hutapata kitabu cha nadharia chenye mifano inayokuhusu kuliko hiyo. Mwalimu wenu akiwa anatumia Finale, programu nyingine ya kuandikia nota, mweleze kwa adabu kwamba watengenezaji wake walitangaza Agosti 2024 kuacha kuiendeleza. MuseScore haifungui faili zake moja kwa moja, ila akizitoa kwa mfumo wa MusicXML zitafunguka.

Nyingine nizipitie haraka. Chrome Music Lab ya Google ni ya kuchezea jioni moja, na jioni hiyo haitapotea: fungua sehemu ya nyuzi, uone uzi ukikatwa nusu unavyotoa oktava ya juu, yaani kama kutoka do hadi do inayofuata. Ukurasa wa Ableton wa kujifunza muziki ni mzuri kwa kijana wa studio anayetengeneza biti. Kusoma nota hautakufundisha. EarMaster ni ya kulipia, ila ina kitu ambacho nyingine nilizokutajia hazina: inakusikiliza kwa kipaza sauti unapoimba nota zilizo kwenye kioo, kisha inakuonyesha ulipopotea. Ukipata fedha baadaye, inunue hiyo kabla ya kitu kingine.

Lakini chombo chochote kinachokusikiliza kinakupima kwa sauti 12 zilizogawanywa sawasawa ndani ya oktava, kama kinanda. Kwaya ikiimba bila kinanda na kodi ikatulia vizuri, mi hushuka kidogo. Kwa kipimo ambacho nusu sauti ni senti 100, mi ya kinanda iko 400 juu ya do, na mi iliyotulia iko karibu 386. Mashine itakwambia umeshuka. Masikio ya kwaya yanasema umefika, na mimi nakubaliana na kwaya. Ukienda mbali zaidi mambo yanazidi. Taarabu ya Zanzibar ina maqam, yaani skeli za Kiarabu, zenye sauti zinazokaa katikati ya funguo mbili za kinanda, na marimba ya Wagogo, ile iliyopigwa na Hukwe Zawose, imefungwa kwa kufuata sauti za asili ambazo kinanda hakina. Hizi programu hazifundishi hayo. Zinafundisha mfumo mmoja, ule ulioandikiwa karatasi zako za kwaya, na kwa kazi uliyonayo sasa unatosha.

Kuhusu kinanda: si lazima. Kinanda cha kwenye kioo kinatosha kukupa do na kukuonyesha kwamba kati ya E na F, na B na C, hakuna ufunguo mweusi. Ukikipata cha mtumba chenye waya wa kuunganishwa na kompyuta, utaandikia MuseScore kwa haraka zaidi. Ila usiguse kile kitufe cha kuhamisha do. Wapiga vinanda wetu wengi hupiga kila wimbo kwa C na kuiachia mashine ihamishe, na ndiyo maana ukiwawekea flati tatu mbele yao wanatafuta kitufe badala ya kutafuta do.

Umeuliza kama inawezekana bila mwalimu. Misingi, ndiyo: alama za mwanzoni, mapigo, skeli, kodi za kawaida, kompyuta inakufikisha. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Nusu yake sikio, nusu yake kunakili. Kwa niliowaona, mtu mwenye solfa imara huanza kuimba sauti yake kwa mistari, bila kumdandia mtu, kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Isipokuwa kompyuta haitakwambia kwamba unakaza koo ukifika so ya juu, wala kwamba unapumua katikati ya neno. Kwa hayo, mwombe mwalimu wenu dakika tano baada ya mazoezi, mara moja kwa wiki, ukiwa na ukurasa mmoja uliokushinda.

Na wiki hii usimdandie jirani. Mwombe mwalimu karatasi za wimbo wa Jumapili ijayo siku mbili kabla, ziweke alama ya penseli mahali ilipo do kwenye kila mstari wa besi, na siku ya mazoezi simama upande wa pili wa mwenzako huyo, mbali naye.